Uzi: Gari la umeme Mtwara na Lindi – anza na soketi ya nyumbani kwako kabla ya kwenda kwenye yadi ya magari

Mtoa mada (Mtwara mjini):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Swali la kama gari la umeme linafaa huku Kusini limekuwa likirudi mara kwa mara, na majibu mengi yanatoka kwa watu wa Dar es Salaam au kwa wanaonukuu katalogi za wauzaji. Mimi naendesha gari la umeme, mtumba wa Japani, hapa Mtwara mjini, na nimeona niandike mambo ambayo mnunuzi wa huku anapaswa kuyapima kabla hajatuma fedha. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayeupinga aupinge kwa hoja: gari hili linamfaa mtu mwenye umeme wa uhakika nyumbani kwake, wenye ethi nzuri (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja), na ambaye mizunguko yake ya kawaida haizidi nusu ya umbali ambao betri inaufikia kweli. Asiye na viwili hivyo, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa, atalichoka kabla msimu wa korosho haujaisha.

Naanza na nyumba, kwa sababu ndiko gari litakakokula. Chaja ndogo ya kubebeka ambayo huja na magari mengi huchomekwa kwenye soketi ya kawaida na huvuta takriban ampea 10, yaani kilowati 2.3 hivi. Ukichaji kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi, mita itahesabu takriban uniti 23 (uniti moja ni kilowati-saa moja), na baada ya upotevu wa njiani betri itapata kama 20, ambazo kwa gari dogo zinatosha kwa zaidi ya kilomita 120. Kwa mtu anayetoka Shangani kwenda kazini, anapitia sokoni na kurudi, hicho ni chakula cha siku kadhaa. Kwa hiyo chaja kubwa ya ukutani, ya ampea 32, si lazima. Ni nzuri ukiwa na uwezo, lakini si sharti la kumiliki gari hili.

Lililo la lazima ni waya. Soketi za nyumba zetu nyingi hazikufungwa kwa ajili ya kubeba mzigo mkubwa kwa saa kumi mfululizo. Pasi huvuta umeme mwingi kwa dakika chache kisha inazimwa. Gari huvuta usiku kucha. Ekstensheni za dukani, hasa zile zilizoviringishwa kwenye gurudumu, hupata joto hadi zinayeyuka, na moto unaoanzia hapo hauna uhusiano wowote na ubora wa gari. Mwite fundi mwenye leseni akuvutie njia ya peke yake kutoka kwenye swichi kuu, yenye sakiti breka yake na kifaa cha kukata umeme unapovuja, na soketi imara iliyowekwa mahali ambapo mvua haifiki. Baada ya saa moja ya kuchaji kwa mara ya kwanza, gusa plagi kwa mkono: vuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima na umrudishe fundi.

Sasa gharama, ambako ndiko watu wengi huvutiwa. Ukiwa kwenye daraja la kawaida la matumizi la TANESCO, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Gari dogo hutumia takriban uniti 17 za mita kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 100 zinagharimu kama shilingi 6,000. Gari dogo la petroli linalokula lita 7 kwa umbali huohuo, kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, litakula shilingi 21,000. Tofauti ni kubwa na sihitaji kuipamba.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kaya nyingi ziko kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambako uniti moja ni shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Gari likiingia nyumbani, utatoka kwenye daraja hilo. Chukua kaya inayotumia uniti 60 kwa mwezi na gari linalotembea kilomita 900: gari peke yake litakula uniti kama 153, sawa na shilingi 54,000 na ushei, lakini zile uniti 60 za taa, friji na televisheni nazo zitapanda bei, na hapo unaongeza kama shilingi 14,000 ambazo hukuzipangia. Bado ni nafuu sana kuliko shilingi 189,000 za petroli kwa umbali huo, ila ni vizuri mwenye nyumba ajue mapema, hasa kama mita mnashirikiana na wapangaji. Katika hali hiyo omba mita yako mwenyewe, la sivyo gari litavunja ujirani.

Kuhusu kununua. Magari mengi ya umeme ya bei nafuu yanayoletwa kutoka Japani ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 likiwa na betri ya kilowati-saa 24, kisha zikaja za 30, 40 na 62. Usisome umbali ulioandikwa kwenye katalogi ya Kijapani ukaupangia safari. Leaf ya kilowati-saa 40 iliandikwa kilomita 400 kwa kipimo cha zamani cha Japani, ilhali kipimo cha Marekani kwa betri hiyohiyo ni kilomita 243 tu, na kwa uzoefu wangu hicho cha pili ndicho kilicho karibu na maisha ya barabarani. Tena hizo ni hesabu za betri mpya.

Betri ya Leaf la matoleo haya haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala kwa kiyoyozi. Inategemea hewa inayopita. Joto la muda mrefu huichosha, na sisi wa pwani joto tunalo. Kwenye dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijisanduku 12 vinavyoonyesha betri imebaki na uwezo kiasi gani ikilinganishwa na ilipokuwa mpya. Cha kwanza kinapopotea, betri imeshapoteza takriban asilimia 15. Gari la kilowati-saa 24 lenye vijisanduku 8 limebaki na theluthi mbili hivi ya uwezo wake, na kutoka Mtwara hadi Lindi, umbali unaozidi kidogo kilomita 100, hilo ni gari la kukuacha Mikindani ukirudi, kama kule Lindi hukuchaji vya kutosha.

Tena vijisanduku hivyo vinaweza kudanganya, kwa sababu wapo wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vionekane vyote 12, kisha baada ya wiki kadhaa barabarani vinaanza kupungua kimojakimoja. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, pamoja na programu ya simu iitwayo LeafSpy, inayoonyesha afya ya betri kwa asilimia na hali ya seli mojamoja. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya kipimo hicho, tafuta gari jingine. Mimi ningechagua gari lenye mikwaruzo na betri yenye afya ya asilimia 85 kuliko linalong'aa lenye asilimia 65, kwa kuwa bodi inanyooshwa hapahapa Mtwara, betri hapana.

Angalia na tundu la kuchajia. Magari ya Japani hutumia mfumo wa CHAdeMO kwa chaji ya haraka, ya Ulaya hutumia CCS2, na mengi ya soko la China hutumia GB/T. Anayekuambia kwamba kituo fulani kinachaji magari yote, muulize kina waya wa aina gani. Na usipange safari kwa kutegemea kituo ambacho hujakiona kwa macho yako.

Uendeshaji wenyewe ni mwepesi kujifunza. Mwendo ndio unaokula betri kuliko kitu kingine: ukiongeza kasi kutoka 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kiyoyozi hakiogopeshi kama watu wanavyodhani. Kikishapooza gari, huvuta chini ya kilowati moja hivi, kwa hiyo kwenye mwendo mzuri utapoteza kilomita chache tu. Lipooze gari likiwa bado kwenye chaja, ili umeme huo utoke ukutani badala ya kwenye betri. Jizoeze kuachia pedali mapema unapokaribia matuta, ukiwa umeweka gia ya B, ili mota igeuke jenereta na kurudisha umeme. Breki zako zitadumu kwa muda mrefu sana.

Karibuni kwa maswali na mapingamizi.

Mchangiaji (Masasi):

Mtoa mada, nashukuru kwa uzi wenye hesabu. Mimi ni mtumishi wa umma, kazi yangu iko Masasi na nyumbani ni Newala, na mara moja au mbili kwa mwezi nalazimika kufika Mtwara kwa shughuli za kikazi. Je, milima ya kwetu haiwezi kuimaliza betri? Na barabara ya vumbi je?

Mtoa mada:

Mkuu, mlima una hesabu yake. Gari la umeme lenye abiria, lenye uzito wa kama kilo 1,700, hutumia karibu nusu uniti ya ziada kwa kila mita 100 za kupanda kwenda juu. Uwanda wa Wamakonde pale Newala uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka pwani hadi kwako unalipa ushuru wa takriban uniti tatu juu ya matumizi ya kawaida. Kwa betri ya 40 yenye afya hilo si tatizo. Kwa betri ya 24 iliyochoka, ambayo imebaki na uniti kama 16, ni karibu sehemu moja ya tano ya yote uliyo nayo.

Habari njema ni kwamba unapoteremka, sehemu ya umeme huo inarudi. Habari ambayo wengi hawaijui ni kwamba betri iliyojaa asilimia 100 haina pa kuuweka umeme unaorudi, kwa hiyo breki ya mota hulegea na utateremka kwa breki za kawaida pekee. Ukilala Newala na asubuhi unateremka kwenda Masasi, chaji hadi asilimia 85 au 90, usijaze.

Barabara ya vumbi haina shida na mota, ina shida na tumbo la gari. Betri imelazwa chini ya sakafu, na Leaf liko chini kuliko magari ya juu mliyoyazoea huko. Katika vipande ambavyo lami haijakamilika kati ya Mnivata na Masasi, pita polepole, na kila baada ya safari ngumu lipandishwe kwenye jeki ukague kava la chini. Kava likibonyea mahali betri ilipo, lipeleke likakaguliwe hata kama linatembea vizuri. Kwa Masasi hadi Mtwara, takriban kilomita 200, ningekushauri usinunue chini ya kilowati-saa 40, na uwe na ndugu au mwenyeji Mtwara mwenye soketi nzuri, kwa kuwa siku hiyo hutarudi bila kuchaji.

Mchangiaji (fundi umeme, Lindi):

Naomba kuongeza nyama upande wa umeme, maana mtoa mada ameligusa suala la ethi kwa haraka mno, na huku pwani ndilo linalosumbua. Chaja nyingi za magari hupima kwanza kama kuna ethi. Zisipoiona, zinawasha taa nyekundu na kukataa kuchaji. Mwenye gari huanza kumlaumu muuzaji, kumbe tatizo liko kwenye nguzo ya shaba aliyochimbiwa wakati nyumba inajengwa. Ardhi yetu ni ya mchanga, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Ethi iliyopima vizuri mwezi Machi, mvua ikiwa nyingi, inaweza kuwa mbaya sana mwezi Oktoba. Suluhisho ni kuchimbia nguzo ndefu zaidi, au nguzo mbili tatu zilizounganishwa na kuachanishwa kwa nafasi ya kutosha, na kuziweka mahali penye unyevu, kwa mfano karibu na maji ya bafuni yanapomwagikia. Kisha zipimwe kwa kipimo cha ethi. Taa ya kujaribia haitoshi kuthibitisha ethi.

Ninaonya kuhusu ujanja mmoja unaozunguka mitandaoni, wa kuunganisha waya wa ethi na waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) ndani ya soketi ili kuidanganya chaja. Itachaji, ni kweli. Lakini siku nyutro itakapokatika kwenye nguzo ya umeme ya mtaani, bodi nzima ya gari itakuwa na umeme, na mtoto atakayegusa mlango akiwa peku ndiye atakayelipa.

Mwenye jenereta ndogo naye ajue kwamba nyingi haziunganishi nyutro na ethi, kwa hiyo chaja itazikataa. Hilo linarekebishika, ila lifanywe na fundi anayejua, na jenereta iwe na uwezo wa kubeba mzigo huo bila kuhema.

Mchangiaji (Mtwara):

Kwa heshima zote, ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba umeme wa huku haukatiki. Gesi inatoka Mnazi Bay, tunaiona mitambo kwa macho, na bado tumelala gizani mara nyingi. Mtu mwenye akili timamu anafungaje usafiri wake kwenye LUKU?

Mtoa mada:

Hoja yako ni ya haki, na sitaijibu kwa kusema kwamba bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, kwa kuwa megawati za Rufiji hazikusaidii waya wa mtaani kwako ukianguka. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na umeme wa mji huu umekuwa ukizalishwa kwa hiyo gesi. Tunajua faida yake na tunajua adha ya mtambo unapozimika.

Ninachoweza kusema ni namna ya kuishi na hali hiyo. Dereva wa petroli amezoea kusubiri taa iwake ndipo ajaze. Ukiwa na tabia hiyo kwenye gari la umeme huku Kusini, utakwama. Chomeka kila unaporudi nyumbani, hata kama umebakiwa na asilimia 60, ili umeme ukikatika usiku au kesho yake, uwe na akiba ya siku mbili au tatu za mjini. Kwa afya ya betri, matumizi ya kati ya asilimia 20 na 80 ndiyo bora kwa betri za aina ya Leaf. Betri za chuma na fosfeti, zilizomo kwenye magari mengi mapya ya China, zenyewe huvumilia kujazwa, na watengenezaji wake kwa kawaida hushauri zijazwe kabisa mara kwa mara ili kipimo kibaki sahihi. Soma kitabu cha gari lako. Tena umeme unaporudi baada ya kukatika, usikimbilie kuchomeka. Subiri dakika kumi hivi volti zitulie. Na pampu za petroli nazo hazisukumi mafuta bila umeme, ingawa nakubali kwamba wenye vituo wana majenereta na wewe huna.

Mwenye nafasi ya paneli za sola afikirie. Kilowati tatu za paneli kwa jua letu zinaweza kutoa uniti kama 12 kwa siku nzuri, zinazotosha mizunguko ya mjini, mradi gari liwepo nyumbani mchana. Kwa mfanyakazi wa ofisini hilo ni gumu, kwa mwenye duka nyumbani ni rahisi.

Mchangiaji (Kilwa Masoko):

Ndugu mtoa mada, mimi ni mama wa biashara, natumia barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, tulikaa na magari tukisubiri. Hofu yangu ni maji. Je, gari la umeme likipita kwenye maji halitaturusha?

Mtoa mada:

Dada, shikamoo kwanza kama umenizidi. Betri na nyaya zake za volti nyingi zimezibwa ili maji yasiingie, na kompyuta ya gari hukata umeme huo yenyewe ikihisi unavuja. Kupita kwenye dimbwi la mvua kwa mwendo wa taratibu hakuna hatari zaidi ya gari lingine, na kuchaji wakati mvua inanyesha ni salama kama tundu na plagi ni vya gari lenyewe. Soketi ya ukutani na ekstensheni ndizo zisizotakiwa kulowa. Lakini maji yakifika usawa wa sakafu, usipite, awe nani anayekusukuma kwa nyuma.

Maji ya bahari ni habari nyingine kabisa. Gari la umeme lililozama kwenye maji ya chumvi linaweza kushika moto hata siku kadhaa baadaye, kwa sababu chumvi huunganisha ndani ya betri vitu visivyotakiwa kuungana. Likikumbwa na bamvua, lisiegeshwe karibu na nyumba wala lisichajiwe; livutwe liwekwe uwanjani mbali na vitu vingine hadi likaguliwe. Na likivutwa, magurudumu yanayozungushwa na mota yasiguse ardhi, kwa sababu mota huzalisha umeme yakizunguka. Mwambie mwenye gari la kuvutia alipakie juu.

Mchangiaji (Masasi):

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mafundi wetu wa mitaani wataweza?

Mtoa mada:

Matairi, shokapu, breki na ball joint ni kazi yao ya kila siku, wala hazina tofauti. Mpaka uwekwe kwenye nyaya za rangi ya machungwa: hizo hubeba volti kati ya 300 na 400, na asiye na mafunzo asizishike hata kama gari limezimwa. Kinachoharibika mara nyingi kuliko mnavyodhani ni betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, na watu huliita gari bovu kumbe wanahitaji betri ya kawaida ya dukani. Itizame kabla ya miezi ya joto.

Ukisafiri kwa wiki kadhaa, usiliache kwenye chaja limejaa wala usiliache limebakiwa na asilimia kumi. Liache na nusu ya chaji, kivulini, na utoe waya hasi wa ile betri ndogo.